Diski ya Mjomba

Ulianza mlio. Tik. Kimya. Tik, tik. Kisha kimya kirefu, kioo kimeganda, na kile kiduara cha kusubiri kinazunguka pale pale. Nilidhani ni mjusi wa darini, maana kibanda changu hapa Tiwi Sokoni siku nyingine kina mijusi wengi kuliko wateja. Siku ya pili nikainama, nikaweka sikio kwenye kasha la kompyuta, na mlio ukanijibu kutoka ndani. Ilikuwa diski. Diski ikishaanza kugonga namna hiyo, imeanza kuaga.

Mwanzoni sikushtuka sana. Mashine yenyewe ni ya mtumba. Hadi leo ina stika ya shule moja ya Uingereza ubavuni, na imefanya kazi hapa tangu 2012. Kuwaka kwake ni dakika sita. Wateja wameshazoea: nabonyeza swichi, naenda kwa mama wa viazi karai ng'ambo ya barabara, nakula, nanawa, na nikirudi ndiyo kwanza inaniuliza nywila. Siku nyingi nilikuwa nikijiambia kwamba nitanunua diski ya kisasa, hii inayoitwa SSD, nihamishie mfumo endeshi huko, tuachane na mambo ya kungoja. Mfumo endeshi, kwa asiyelizoea neno, ni ile programu kuu ambayo kompyuta huianza kabla ya kitu kingine chochote. Bila hiyo, mashine ni sanduku la bati tu. Mjomba alikuwa akiuita nahodha.

Basi katikati ya wiki akaja mzee mmoja wa upande wa Mwachema, mto unaotutenga sisi na Diani. Akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akaulizia hali za nyumbani mmoja baada ya mwingine, ndipo akafika kwenye haja yake.

"Mwanangu, ile karatasi yetu ya minazi, marehemu mjombako alituwekea humo. Ingalimo?"

"Imo, babu."

"Alhamdulillahi. Jumatatu yatakiwa Kwale."

Karatasi ya minazi naikumbuka, maana siku ilipoandikwa nilikuwepo. Ilikuwa 2013. Familia mbili zilikaa chini ya mwembe, zikatembea shambani na wazee, zikahesabu. Huku kwetu ardhi na mti si lazima viwe vya mtu mmoja. Udongo waweza kuwa wa fulani na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na mkanju wa kona ukawa wa shangazi yao aliyeolewa Msambweni. Kwa hiyo mgao wake si mchoro wa mistari. Ni orodha: minazi mingapi, kuanzia wapi, mpaka mti gani, wa nani. Mjomba aliitaipu, wazee tisa wakaweka dole gumba, naye akaiskani kabla ya kuwarudishia. Karatasi yenyewe iliwekwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na mchwa wakaimaliza. Kati ya wale tisa, sita wameshafariki. Vile vidole sita havipatikani tena mahali popote duniani isipokuwa kwenye ile diski iliyokuwa ikigonga.

Mzee alipoondoka nikaifungua faili. Picha ikaanza kushuka kutoka juu: kichwa, tarehe, orodha. Tik, tik, tik. Ikafika nusu, programu ikaganda. Nikazima mashine kwa kuchomoa waya.

Msomaji wa bara huenda akaona tunaikuza mno karatasi. Ngoja nieleze kidogo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya mwambao. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, na Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895. Sheria ile ilisema kila anayedai ardhi ajitokeze kwa afisa wa hati, alete madai yake katika muda uliowekwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ihesabiwe kuwa ya Taji. Wadigo wengi hawakwenda. Wengine habari hazikuwafikia. Wengine hawakuona sababu ya mtu mmoja kwenda kudai peke yake ardhi ambayo ni ya ukoo mzima, na ambayo wazee wao waliijua kuanzia Kaya Tiwi mpaka ufuoni bila ya kuandikiana. Ardhi ilikuwepo, na wao walikuwepo juu yake. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye daftari. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakabadilishana barua, ukanda ukaingia Kenya, na daftari lile likaingia nao pamoja na mapengo yake. Ndiyo maana hadi leo utamkuta mtu kazaliwa Tiwi, na babu yake kazaliwa Tiwi, naye anaitwa skwota.

Kwa hiyo huku mtu akikuambia ana karatasi, humwambii akaitafute kesho.

*

Kibanda nilikipata kwa mjomba, na hilo nalo lina historia yake. Kwa mila ya zamani ya Kidigo mali ilifuata tumbo la mama: mpwa ndiye aliyemrithi mjomba, si mtoto kumrithi baba. Uislamu ulikuja na hesabu nyingine, na mabishano kati ya hesabu mbili hizi yamewalisha mawakili na makadhi kwa zaidi ya miaka mia. Mjomba alisema kibanda ni changu. Wanawe hawakubisha, nadhani kwa kuwa walipochungulia ndani waliona kompyuta nne kuukuu na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi.

Yeye alianza kazi miaka ya 1980, karani wa hesabu katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Alipenda kunisimulia juu ya kompyuta ya kwanza aliyoigusa. Haikuwa na diski ya ndani hata kidogo. Asubuhi unachukua flopi ya DOS, unaitia mdomoni mwa mashine, unangoja ikohoe, unaitoa, unatia flopi ya hesabu. Jioni unazima, na mashine inasahau kila kitu, hata kwamba yenyewe ni kompyuta. Hilo halikuwa ajabu kwa wakati ule. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 iliiuza bila diski ya ndani. Iliyokuja nayo ni ile iliyoitwa XT, ya 1983, na ilikuwa na megabaiti 10. Picha mbili tatu za simu yako leo zingeijaza ikatapika.

Halafu hoteli ikanunua mashine yenye diski, na fundi akapanda basi kutoka Nairobi kuja kuhamisha DOS kutoka kwenye flopi. Mjomba, akiwa kijana mwenye kujiamini, alimtangulia. Alinakili kila faili alioiona kutoka flopi kwenda diski, akatoa flopi, akawasha. Wapi! Mashine ikasema haina mfumo. Akarudia mara tatu. Fundi alipofika akacheka, akaandika amri moja ya herufi tatu, SYS, ikawaka. Siri ni kwamba DOS ilikuwa na mafaili mawili yaliyofichwa, hayaonekani kwenye orodha ya kawaida, na hayo lazima yakae mahali pake mwanzoni mwa diski, ndipo mashine ikiamka iyakute. Mjomba alihamisha nyumba yote, vyombo na vitanda, akaacha mlango.

Kisa hiki nilikisikia mara ishirini. Tutaona kilinisaidia nini.

Diski yenyewe kama kitu ni ya zamani kuliko hayo. IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956: sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, zimepangwa kama chapati kwenye mlingoti mmoja unaozunguka mara 1,200 kwa dakika, uzito wake zaidi ya tani moja. Zote pamoja zilibeba herufi milioni tano. Tangu hapo sahani zimepungua ukubwa na kuongezeka mbio, lakini ujuzi ni ule ule: sahani inazunguka, mkono unakwenda na kurudi juu yake bila kuigusa, na kwenye ncha ya mkono kuna kichwa kinachosoma. Diski ya kibandani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ni nyingi, lakini hesabu vizuri. Kila kitu unachokitaka, mkono usogee kwanza kwenye mstari wake, kisha ungoje sahani iufikishe mahali penyewe. Kungoja huko ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde, na zaidi kidogo. Kwa barua moja hutaona kitu. Lakini mfumo endeshi ukiamka unaita vipande maelfu, kimoja kimelala huku na kingine kule. Ni kama karani wa masjala anayeagizwa mafaili elfu tano, na kila moja liko kabati lake. Kile chumba cha viazi karai kimejengwa kwa miguu ya karani huyu.

SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tu, jamaa ya zile zilizomo ndani ya fleshi. Ujuzi wake ulitoka kwa Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, aliyeutangaza mwaka 1984; na jina la flashi, yasemekana, ni mwenzake aliyelitoa, kwa kuwa namna ya kufuta data ilimkumbusha mmweko wa kamera. Ukiiomba kitu, inakujibu ndani ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, au pungufu. Karani hatembei tena. Kila kabati liko mkononi mwake.

Nirudi kwa mjomba. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, watu wa bara wakafukuzwa, na watalii wakaacha kuja. Hoteli yao ikafunga. Wafanyakazi waliambiwa pesa za kiinua mgongo hazipo, na wengine wakachukua walichopewa. Mwenzake mmoja alipata magodoro. Mjomba alichukua kompyuta, akapanda nayo matatu hadi Tiwi, kioo kimekaa mapajani pake na kasha kwenye mapaja ya abiria wa jirani. Hivyo ndivyo kompyuta ilivyoingia kijiji hiki, kwa upande wa ukoo wetu. Mwanzo alitaipu barua za kuomba kazi na mialiko ya harusi. Mambo ya ardhi yalikuja yenyewe.

Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, mwezi uliofuata SEACOM ukawashwa, na intaneti ambayo Kenya ilikuwa ikiichota kwa setilaiti kwa bei ya dhahabu ikaanza kushuka bei. Mjomba akafungua saiba. Vijana walijaza virusi wiki nzima, na kila Jumapili usiku alizirudisha mashine zake katika hali safi kwa Ghost, programu iliyozaliwa New Zealand miaka ya 1990 kwa mikono ya Murray Haszard, Symantec wakainunua mwaka 1998. Ghost ilichukua diski nzima, mlango na yote, ikaibandika juu ya nyingine. Kwetu likawa neno: mashine ikisumbua, "ipige ghosti". Sidhani kama kuna saiba ya zamani pwani hii ambayo haikuwahi kupigwa ghosti.

Kompyuta moja tu hakuipiga. Ile yenye karatasi za watu.

*

Alhamisi nilivuka feri, nikanunua SSD ya gigabaiti 240 karibu na Barabara ya Digo kwa shilingi 3,200, nikarudi. Kitu chenyewe chepesi kama biskuti. Nilijiambia: usiku mmoja tu.

Vijana wataniuliza, na mmoja aliniuliza, kwa nini nisichukue mafaili tu, nikaweka mfumo mpya juu ya diski mpya. Swali zuri. Mashine ina Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitaki kompyuta hii, imezeeka. Linux ingeikubali bila maneno, lakini skana ya mjomba haina mwenyewe tena: diski ya programu yake imepotea, na waliotengeneza waliacha kuishughulikia kitambo. Programu ya skana inaishi ndani ya mfumo huu uliopo, basi. Pamoja na mashine ya fotokopi, na fomu zote alizozipanga kwa mkono wake. Kwa hiyo nikaamua: nahodha ahame na chombo chake chote, nichomoe waya wa intaneti, iwe mashine ya ofisi tu.

Usiku ule nikatumia programu ya bure ya kunakili diski, ndani ya Windows yenyewe. Ikanipa orodha ya vipande vya diski: kimoja kikubwa, kinachoitwa C, na kimoja kidogo cha megabaiti 100, hakina hata herufi. Nikaweka alama kwenye C. Ikaniuliza: nikikuta sehemu isiyosomeka, niiruke? Nikasema ruka. Ilikwenda saa tatu na ushei, tik tik, ikamaliza na kunipongeza.

Nikatoa diski kuukuu, nikaiacha SSD peke yake, nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: hakuna cha kuwashia.

Nilikaa nikiyatazama maandishi yale. Kisha nikarudisha diski zote mbili pamoja, nikawasha, na ikawaka! Nikapiga makofi peke yangu kibandani saa sita usiku. Halafu nikasikia: tik. Kumbe nahodha hakuhama. Alikuwa bado kwenye chombo cha zamani, na mimi nashangilia.

Kile kipande cha megabaiti 100, ndugu msomaji, ndicho kilichobeba vitu vya kuwashia. Windows 7 ilipowekwa humo mwaka 2012 ilikitenga kimya kimya, na waliokuja baadaye wakakirithi. Nilikuwa nimesikia kisa cha fundi wa Nairobi mara ishirini, nikacheka mara ishirini, na nikafanya kosa lile lile.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kabla ya kulala nikafungua nakala ya karatasi ya minazi kutoka kwenye SSD. Ikafunguka mara moja, fyu! Kichwa, tarehe, orodha yote, na chini ya orodha, pale palipokuwa na vidole, rangi ya kijivu tupu mpaka mwisho wa ukurasa. Niliiambia iruke, nayo ikaruka.

Sikulala vizuri.

Ijumaa baada ya swala nikampigia jamaa yangu wa Ukunda, fundi anayefufua simu na diski. Nilipomweleza akanyamaza kidogo. "Imekimbia saa tatu ikiwa mgonjwa?" "Ndiyo." "Zima. Usiiwashe tena, hata kuiangalia usiiangalie." Akaja kabla ya magharibi na diski ya nje ya terabaiti moja, fleshi yenye Linux, na feni ndogo. Diski akaisimamisha kiubavu, feni akaielekeza kwake, mfumo ukawaka kutoka kwenye fleshi ili ile diski isifanyishwe kazi nyingine yoyote. Kisha akaanzisha ddrescue.

Hii ni programu nisiyoijua, na nimeipenda tangu siku ile. Ghost na ndugu zake hufikiri diski ni nzima. ddrescue hufikiri diski inakufa, na hupanga kazi yake hivyo. Mzunguko wa kwanza huchukua yote yanayokubali kwa urahisi. Ikifika pabaya haing'ang'anii, inapapita na kuandika kwenye faili ndogo pembeni, ramani, kwamba hapa pamebaki. Yakishaokolewa mazima, ndipo inaporudi kwenye yale mabaya, pole pole, ikikata kingo zake, ikisoma kidogo kidogo, tena inaweza kugeuza mwelekeo ikasoma kinyumenyume. Kitu kisichosomeka ukitokea kushoto, mara nyingine husomeka ukitokea kulia. Sijui kwa nini hili lilinigusa.

"Usiku huu tutakuwa na karibu yote," fundi alisema. "Kilichobaki ndicho kitakachotukalisha."

Ilikuwa kweli. Saa tano za kwanza zilileta karibu gigabaiti 500 zote. Tukabaki na megabaiti chache, na hizo zikatuchukua Jumamosi nzima. Saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, stima ikapotea. Tiwi yote giza, isipokuwa taa moja ya sola msikitini. Mimi nikashika kichwa. Mwaka 2023, Agosti, nchi nzima ilipolala gizani, nilipoteza kazi ya siku mbili, na uchungu ule ulirudi. Fundi alikuwa anakunywa chai. "Ramani ipo," akasema. Stima iliporudi alfajiri akawasha, programu ikasoma ramani yake, ikaendelea pale pale ilipoachia, kama mtu aliyewekea kitabu alama.

Kufikia asubuhi zilikuwa zimebaki kilobaiti 28 zilizokataa kabisa. Akanitazama. "Tufungue?"

Nikamwambia afungue yeye.

Picha ikashuka. Kichwa. Tarehe. Minazi kumi na saba kuanzia kisima mpaka mbuyu. Mkanju wa shangazi. Kisha mstari wa mwisho, na chini yake madoa tisa ya zambarau, mengine yamekolea, mengine nusu, moja limeburuzwa kwa kuwa mwenyewe mkono ulikuwa ukitetemeka. Namkumbuka. Mjomba alimshika kiganja, akambonyezea kidole kwa upole, akamwambia, "Hivyo, babangu, hivyo hivyo."

Mchana tukafanya ile kazi niliyodhani ni ya usiku mmoja. Diski kuukuu ikakaa pembeni. Tulifanya kazi juu ya nakala yake. Tukakipunguza kipande kikubwa kwenye nakala ili kienee kwenye SSD, tukapeleka kwanza kile kidogo cha megabaiti 100, kisha kikubwa, na SSD ikawashwa ikiwa peke yake ndani ya kasha. Sekunde 22. Nilihesabu kwa saa ya simu, nikazima, nikahesabu tena. Mama wa viazi karai alinyanyua kichwa kutazama kwa nini leo sikwenda.

Serikali nayo iko katika kuhama huku. Aprili 2021 ilizindua Ardhisasa, ikianzia Nairobi, ili rekodi za ardhi zitoke kwenye masjala za karatasi ziingie kwenye kompyuta. Nautakia mema mfumo ule, na sisemi kwa kejeli. Nimeona karatasi zinavyoliwa. Lakini kila nikisikia kwamba kaunti fulani rekodi zake zinahamishwa, nawaza ni nani aliyeketi pale, na mashine ikifika pasiposomeka na kumuuliza, anajibu nini.

Jumatatu mzee alikuja kabla sijamaliza kufagia. Nilitaka kumwonyesha mbio mpya za mashine, nikaiwasha mbele yake. Ikawaka. Hakusema kitu, kwake yeye kompyuta iliyokuwa ikichelewa na hii iliyowahi ni mambo yangu mimi. Nikamfungulia picha. Akasogeza miwani, akaanza kuvisoma vidole kwa majina, kimoja kimoja, kutoka kushoto, na baada ya kila jina la marehemu akasema Mungu amrehemu. Vilipokwisha akauliza:

"Na ile ya zamani umeitia wapi?"

Nikamwonyesha: kwenye mkebe wa biskuti, na kipande cha karatasi kimeandikwa tarehe.

"Usiitupe."

"Siitupi."

"Na hiki kipya, kikifa kinalia?"

Nikamwambia ukweli, kwamba aghalabu hakilii. Kinazima tu. Akafikiri.

"Basi nichapie karatasi tatu."

Nikachapa tatu, na ya nne nikajiwekea. Yeye akazikunja kwa uangalifu zisikate palipo na vidole, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko mwingine, akalipa, akavaa kofia yake na kwenda stegi kungoja matatu ya Kombani.

Kilobaiti 28 zilizopotea nilizijua mwezi uliofuata. Dada mmoja alikuja kuomba video ya harusi yake ya 2016, na pale bwana harusi anapoingia, picha inaruka, na mara ameshaketi.